Goli Moja na Machozi ya Mama

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa pale Kibiti. Kijana aliyekuwa mbele yangu, amevaa jezi na kifundo cha mguu kimevimba, alinunua chupa ya dawa ya kuchua, akaifungua palepale na kuanza kujipaka kabla hata hajapewa chenji. Harufu ile ya kafuri na karafuu ilinipanda puani mpaka machozi yakanilengalenga. Muuzaji aliniita mara mbili, sikumsikia. Nilikuwa nimesharudi Salale, mtoto wa shule ya msingi, nimepiga magoti mkekani nikimchua mama yangu miguu huku akiniambia, "Bonyeza, Tatu, bonyeza, hilo ni goti, siyo mimba ya paka."

Nyie wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Televisheni ilikuwa moja kijiji kizima, kwenye kibanda cha Mzee Kibwana, inaendeshwa na jenereta linalonguruma kuliko mtangazaji. Redio ilitumia betri ambazo zikichoka tulizianika juani. Na huku kwetu kwenye delta, ambako mtu anakwenda sokoni kwa mtumbwi na njia za maji zinapita katikati ya mikoko kama vichochoro, kila habari ilifika imechelewa na imelowana kidogo.

Mama yangu, Somoe, alikuwa mwalimu wa shule yetu. Alizaliwa Mchukwi, nchi kavu, akaja Salale kwa kuolewa na baba yangu Athumani, ambaye alinunua kamba kwa wavuvi na kuwapeleka Nyamisati kwa boti. Mama alikuwa mrefu mno. Akiingia ndani ilimbidi ainame, na bibi yangu, mama yake baba, tuliyekuwa tunaishi naye, alizoea kusema kwamba mwanawe ameoa mnazi. Urefu huo ndio uliomfanya aonekane kwenye michezo ya watumishi, akachezea mkoa, kisha akaitwa timu ya taifa ya mpira wa pete. Alikuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya pete, kupokea mpira na kuutumbukiza, basi.

Baba alimchomelea pete ya nondo na kuifunga kwenye nguzo ya mkoko nyuma ya shule. Kila alasiri mama alikuwa pale, kanga kiunoni, anarusha. Mimi nilikuwa mguu wake: mpira ukienda kombo niukimbilie kabla haujafika majini, na wakati wa bamvua, maji yanapopanda hadi karibu na madarasa, niliufuata nikiwa nimelowa mapajani huku kaa wakinikimbia. Hata akiwa nyumbani mikono haikutulia. Akikaa kumenya vitunguu, anavirusha kwenye sufuria iliyo upande wa pili wa ua. Ndimu zilipaa kutoka mkononi kwake mpaka kwenye tenga.

"Somoe," Bibi aliuliza siku moja, "hizo ndimu zimekukosea nini?"

"Namfikiria Atieno, mama."

Jina hilo lilikuwa kama mtu wa tano nyumbani kwetu. Atieno atanitambua safari hii. Atieno ana mkono mrefu lakini mimi nimeshamjua. Akimwambia baba, baba anacheka, anasema, "Muache Atieno apumue, mama Tatu." Nililisikia kwa muda mrefu nikalikusanya, nikaliweka pamoja na safari za baba za Nyamisati na nguo mpya aliyorudi nayo mara moja, nikapata jibu langu mwenyewe. Nilimfuata Bibi jikoni.

"Bibi, eti Atieno ni mke wa pili wa baba?"

Bibi alicheka mpaka upawa ukamdondoka. Alipopata pumzi alinivuta kwapani. "Mke mwenzangu, wewe! Atieno ni Mkenya. Anacheza mpira. Mwaka jana kule kwao alimzuia mama yako, ndiyo maana hatulali humu ndani."

Nilielewa maneno, sikuelewa jambo. Mtu anakuzuia mpira mwaka jana, halafu mwaka huu unarusha ndimu?

Mwaka huo, basi, zikaja barua mbili za mwito kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa ya michezo mikubwa ya ng'ambo, ile ya nchi nyingi kukusanyika, wanamichezo kuandamana na bendera zao, na ndege ndiyo usafiri. Ya pili ilikuwa ya kombe la Afrika Mashariki, Dar es Salaam, miezi michache baadaye. Salale ikalipuka kwa ile ya kwanza. Mwalimu Somoe anakwenda Ulaya! Watu waliingia nyumbani asubuhi na jioni kulishika shati lake lenye bendera. Shehe aliomba dua baada ya swala. Mimi nilitembea shuleni kama ninayekwenda mwenyewe, na nilitangaza kwa yeyote aliyenisikiliza kwamba mama yangu anakwenda Olimpiki.

"Siyo Olimpiki," akasema Shabani, mtoto wa jirani ambaye kaka yake alisoma mjini. "Olimpiki hakuna netiboli."

"Ipo."

"Haipo. Muulize mama yako."

Sikumuuliza mama. Niliogopa. Nilimngoja baba alipokuwa anatia kamba barafu nikamuuliza yeye, na akanijibu bila kuinua kichwa kwamba ni kweli, haipo.

"Kwa nini haipo?"

"Hawajauweka. Wenye michezo yao wamechagua yao."

"Lakini Olimpiki ndiyo kubwa kuliko yote."

Hapo ndipo aliacha barafu. Baba yangu akiguswa kwenye michezo alisahau hata kamba wanaooza. "Kubwa kwa nani?" aliniuliza. "Mkimbiaji, sawa, yeye Olimpiki ndiyo mwisho wa dunia, akipata medali hata ya tatu anakufa na furaha. Lakini mwenye mpira wa miguu ukimwambia Olimpiki anakuangalia tu. Kule wanapeleka vijana. Yeye anataka Kombe la Dunia. Na Mwafrika anataka la Afrika pia, maana huko anakutana na wanaomtambia kila siku. Bondia anataka mkanda. Kila mtu na kombe lake linalomkosesha usingizi."

"Na mama anataka lipi?"

Baba alifikiri. "Muulize Atieno," akasema, akarudi kwenye barafu.

Jibu hilo lilinisumbua vibaya. Mimi na Shabani tulichukua kijiti tukachora kwenye tope nyuma ya shule ngazi ya makombe yote tuliyoyajua, tukabishana lipi likae juu, na kila tulipokubaliana maji yalipanda yakaifuta. Nilitaka mtu mzima mmoja aniambie kwa hakika. Kama michezo ya ng'ambo ilikuwa juu, mbona mama alifunga begi lake kimyakimya kama anayekwenda semina? Na kama kombe la Dar lilikuwa chini, mbona ilipotajwa Dar vidole vyake vilianza kucheza?

Alisafiri. Wiki zile sikutulia. Niliamka mapema kuliko Bibi, nikakaa mbele ya redio, nikasikiliza habari za mpira wa miguu, za wakimbiaji, za bei ya korosho, na netiboli haikutajwa. Ilipotajwa, mara moja tu, mtangazaji alisema timu ya wanawake imepoteza tena, akataja tofauti ya magoli, kubwa mno, na akapita kwenye hali ya hewa. Nilizima redio haraka Bibi asisikie. Bibi alikuwa mlangoni, amesikia. Alienda kuchambua mchele.

Mama aliporudi, gati lilijaa watu. Vigelegele, ngoma, kanga zimetandikwa ateremkie juu yake. Alikuwa amenawiri. Alisimulia vyumba vya kulia chakula ambamo unachukua unachotaka, ngazi zinazotembea zenyewe, mvua isiyokoma. Alituletea kalamu na fulana. Usiku huo alilala fofofo, na asubuhi nilimwona anapiga mswaki uani huku anacheka na Bibi.

Sikuvumilia. "Mama, kweli mlifungwa sana?"

"Tulifungwa, mwanangu, we acha tu," alisema, kama mtu anayesema jana ilinyesha. "Wale wanacheza tangu wakiwa tumboni."

Na akaendelea kupiga mswaki. Nilimtazama nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Mimi nilikuwa nimezima redio kwa aibu, yeye anapiga mswaki.

Basi ikafika zamu ya Dar. Hakukuwa na shati jipya wala dua. Kwa bahati mbaya fainali iliangukia siku ileile ya pambano la mpira wa miguu la watani wa jadi, na nyie mnajua maana yake: siku hiyo hata mgonjwa anaulizia matokeo kabla ya dawa. Kibanda cha Mzee Kibwana kilikuwa kimejaa kichwani mwa watu tangu wiki moja kabla. Baba alijikuna kisogo, akasema angependa sana kwenda, lakini boti ina kazi. Mama alikuwa amebadilika. Chakula hakiliki, akiitwa anaitika baada ya muda, na magoti yake niliyachua mpaka vidole vyangu vikawa na ganzi.

Aliyeshangaza ni Bibi. Asubuhi ya safari, timu ikiwa tayari kambini na mama ametangulia, alitoka amevaa baibui lake la sikukuu na kikapu mkononi.

"Unakwenda wapi, mama?" baba akauliza.

"Dar. Nataka nimwone huyo mke mwenza. Tatu, vaa viatu."

Hakuwahi kuingia kwenye uwanja wa michezo maisha yake yote. Tulitoka kwa boti hadi Nyamisati, tukapanda basi, na njia nzima alikuwa anauliza abiria kama wanajua mpira wa pete unachezwa dakika ngapi. Tulilala kwa ndugu yake Mbagala, na siku ya pili tukafika uwanjani mapema mno, tukakaa kwenye ngazi za saruji zilizokuwa bado baridi.

Nilitarajia umati. Walikuwepo wanafunzi wa shule moja, wanajeshi wachache, akina mama wauza karanga, na upande wa pili kundi la Wakenya lenye ndoo waliyoigeuza ngoma. Mji mzima ulikuwa kwingine. Lakini mama alipotoka na herufi zake GS, alama ya mfungaji, kifuani, ndoo ile ikaanza, na Wakenya wakaimba kwa mdundo, "Somoe atakosa! Somoe atakosa!" Niligeuka kumtazama Bibi. Wanamjua jina! Hapa, mbali na Salale, watu wasiomdai chochote wanamjua mama yangu jina na wanamwombea mabaya.

Kisha nikamwona Atieno. Alikuwa mwembamba, mifupa mitupu, mikono haina mwisho, na alikuja moja kwa moja akasimama pua kwa pua na mama. Hawakusalimiana. Kuanzia filimbi ya kwanza hawakuachana. Mama akienda kulia yupo, akirudi nyuma yupo, anamkanyaga, anasukumwa, na kila mara mama aliponyanyua mpira Atieno alinyoosha ule mkono na kumwambia kitu, na mama akamjibu kitu.

"Wanaambiana nini?" Bibi aliuliza, ameinuka, kikapu kimeanguka.

Sikujua, ila mama yule sikumjua pia. Mwalimu wangu wa darasa la pili, mtu wa kuinama mlangoni, alikuwa anang'ata meno, jasho linamdondoka kidevuni, anafunga, anapiga ngumi hewani. Wakifunga wao, tunafunga sisi. Bibi, ambaye hakujua kanuni hata moja, alikuwa anapiga kelele kuliko wanajeshi: "Mpe Somoe! Kwani hamumwoni Somoe alivyo mrefu?"

Mwisho ulikuja tukiwa sawa. Muda umebaki kidogo, mwamuzi anatazama saa, mpira ukarushwa juu na mama akaudaka chini kabisa ya pete. Nilisimama juu ya ngazi. Mahali kama pale nilimwona akifunga kila alasiri ya maisha yangu, sikuona sababu ya kuwa na wasiwasi. Akanyanyua. Atieno akaruka. Mpira ukapita juu ya vidole vyake, ukatua kwenye chuma cha pete, ukazunguka, ukazunguka tena, ukadondokea nje. Wakenya wakaudaka, wakapasiana kama moto, huko upande wa pili wakafunga. Filimbi.

Goli moja.

Mama alikaa sakafuni palepale. Alivuta kile kitambaa cha kifuani chenye herufi akajifunika nacho uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani amevunjika kitu. Nilishuka ngazi mbiombio, nikaruka kamba, hakuna aliyenizuia, nikafika nikamshika goti ambalo nililijua kuliko mtu yeyote. "Wapi? Wapi panauma?" Alikuwa analia kwa sauti. Sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu analia, hata alipozikwa baba yake.

Aliyekuja kupiga magoti upande wa pili ni Atieno. Timu yake ilikuwa inaruka na kombe, yeye alikuwa hapa, anahema.

"Somoe," alisema, "umenitesa leo. Jana sikupata usingizi, nawaza tu huo mkono wako. Huo mpira uliingia, aki ya Mungu. Uliingia halafu ukaamua kutoka."

Bibi naye alikuwa ameshafika, baibui limeenda upande. "Ndiye wewe Atieno?"

"Ndiyo mimi, nyanya."

Bibi akasimama wima. "Mimi nyanya? Tatu, huyu ananiita mimi nyanya ya kupikia?"

Mama alicheka hukohuko ndani ya machozi, akashindwa kujizuia, akamweleza kwamba kwa kina Atieno nyanya ni bibi. Na Bibi, alipoona mlango umefunguka, akamwambia Atieno kwamba mjukuu wake alikuwa anaamini yeye ni mke wa pili wa mwanawe. Wote watatu wakaangua kicheko sakafuni pale, halafu mama akalia tena, na Atieno akamshika shingo wakabaki hivyo mpaka walipoitwa.

Kesho yake, kwenye basi la kurudi, mama alikaa dirishani. Tulipopita Mkuranga nikashindwa kunyamaza.

"Mama, kule ng'ambo mlifungwa mengi. Hukulia."

Alifuta kioo cha dirisha kwa kiganja. "Kule, Tatu, beki aliyenikaba hakujua hata jina langu. Mechi ilipokwisha alinipa mkono akaenda kula. Watu walitupigia makofi. Unajua kwa nini? Walituhurumia. Tulikwenda kuona na kuonekana, na nilifurahi kwenda, sitakudanganya." Akageuka kunitazama, macho mekundu. "Hawa wa jana walinizomea. Yule mwenye ndoo ananijua napenda kurushia upande gani. Atieno alikosa usingizi kwa ajili yangu. Mimi nimekosa kwa ajili yake mwaka mzima. Sasa nilikuwa nimemshika, Tatu. Nilikuwa nimemshika hivi." Akafumba kiganja, akakitazama, akakifumbua.

Bibi, tuliyedhani amelala, akasema, "Na bado."

Baba alitupokea gatini. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kelele za kibandani; timu yake ilikuwa imefungwa na watani. "Vipi?" akauliza.

"Goli moja," mama akasema.

Jirani aliyekuwa anafunga mtumbwi akadakia, "Moja tu, mwalimu? Si afadhali! Ng'ambo si ilikuwa balaa?"

Baba alimgeukia. "Wewe, ukifungwa moja na mtani wako, unalala?" Yule bwana akainamia kamba zake. Baba akachukua begi la mama, akachukua na kikapu cha Bibi, akatangulia. Siku zote zilizofuata hakutoa neno la kufariji. Kila alasiri alikuja nyuma ya shule, akakaa juu ya tofali, na mpira ukienda kombo tuliufukuzia wawili.

Ningependa kuwaambia kwamba mwaka uliofuata alilipa. Mwaka uliofuata kombe lilikuwa Kampala na mama alikuwa na tumbo la mdogo wangu. Mwaka wa pili yake goti la kulia lilikataa. Atieno alituma salamu kupitia mchezaji mmoja, akauliza kama Somoe amepona, akasema mabeki wapya wanapata usingizi mno siku hizi. Hawakukutana tena chini ya pete. Bibi alifariki akiwa bado anasimulia jinsi alivyoitwa nyanya.

Mama sasa ni mstaafu, anaishi nasi Kibiti. Mwezi uliopita wasichana wa timu ya shule ya jirani walimwomba aje aongee nao, na mimi nilimsindikiza. Mwalimu wao alimtambulisha kwa ile michezo ya ng'ambo, maana ndiyo inayosikika vizuri, na wasichana wakamuuliza kuhusu ndege, kuhusu uwanja, kuhusu bendera. Aliwajibu kwa adabu. Mmoja akamuuliza kule alifunga magoli mangapi.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema.

Nilifikiri amemaliza. Lakini aliegemeza mkongojo wake kwenye kiti, akainuka, akatembea hadi chini ya pete kwa hatua ndogondogo, akaomba mpira. Akamchagua msichana mrefu kuliko wote. "Wewe njoo simama hapa mbele yangu. Karibu. Inua mkono. Sio hivyo, juu zaidi, yeye mkono wake ulikuwa hauna mwisho." Msichana akajinyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu. Mama akanyanyua mpira juu ya kichwa. Nami nikajikuta nimesimama.

Hakurusha. Alikaa hivyo, anaitazama pete, kisha akaushusha mpira kifuani.

"Hapa," akasema, "hapa niliharakisha."

Msichana akaanza kushusha mkono.

"Usishushe," mama akamwambia, akanyanyua mpira tena. "Bado."